Mitamba Chini ya Shiraa

Watu wa Amu, mji wetu wa Lamu, wakitazama mbuzi hutazama masikio kwanza. Masikio yakiwa marefu na yameanguka vizuri, husema mashallah, kisha hutazama rangi, na baada ya hapo hawana tena la kutazama. Nimeishi na watu hao umri wangu wote, wengine nimewazaa mwenyewe, na mpaka leo jambo hili hunikera. Sijawahi kuona mtu akikamua sikio.

Mimi nilifunzwa mbuzi na mama mkubwa wangu, yaani dada mkubwa wa mama. Mama yangu alifariki siku chache baada ya kunizaa, na katika jamaa zetu hapakuwa na mwanamke mwenye mtoto mchanga wa kuweza kuninyonyesha. Mama mkubwa hakuwahi kupata mtoto, lakini alikuwa na mbuzi wa maziwa katika kiwanda, yaani ua wa nyuma ya nyumba yake, mrefu, mweusi, asiyependa mtu. Akawa anachovya kitambaa katika maziwa ya mbuzi yule na kunitia kinywani, na mimi, kwa mujibu wa yeye mwenyewe, nikawa ninanyonya huku nimekunja uso kama ninayedhulumiwa. Hivyo ndivyo nilivyoishi. Majirani hawakuniachia jambo hilo hata nilipokuwa mtu mzima na watoto wangu. Mbuzi wa mama mkubwa akipiga kelele huko nyuma, mtu husema, "Dada yako wa kunyonya akwita."

Nilipopata akili akaanza kunifunza. Kila baada ya sala ya alasiri tulishuka kiwandani, akanishika mkono na kuuweka juu ya mgongo wa mbuzi.

"Funga mato," alikuwa akiniambia. "Mato hupenda rangi."

Basi nikafumba macho, na mkono ukajifunza. Mgongo unyooke kutoka mabegani mpaka kiunoni, usizame katikati. Nyuma ya kiuno ushuke kidogo tu, kwa sababu mbuzi mwenye tako la kuporomoka huzaa kwa shida na kiwele chake hukosa pa kukaa. Mbavu ziwe bapa, zimetengana hata kidole kipite, na ngozi juu yake iwe laini, ivutike na kurudi. Kifua kiwe kipana. Meno ya chini yakutane sawasawa na ufizi wa juu. Miguu ya nyuma isimame mbali mbali ili kiwele kipate nafasi siku kitakapokuja, na chuchu ziwe mbili tu, sawa kwa sawa.

Nasema siku kitakapokuja, kwa sababu kazi ngumu haikuwa kumjua mbuzi anayekamuliwa. Huyo hata mjinga humjua kwa kutazama chombo. Kazi ni kumjua mtamba, jike ambaye bado hajazaa, ambaye hapo nyuma hana kitu ila ngozi na ahadi. Mama mkubwa aliweza kumshika mtamba kwa muda wa kumeza mate akakwambia atakuwa nani. Sikumbuki kama aliwahi kukosea, na kama aliwahi, hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Nilipoolewa nikahamia upande mwingine wa mji, na katika miaka ile mbuzi wa mama mkubwa wakaingiwa na maradhi. Walikohoa, wakalala, wakafa mmoja baada ya mwingine. Akabakiwa na mmoja mkongwe, naye akazaa mtamba mmoja, akafa. Mtamba huyo ndiye aliyekuwa mwisho wa ukoo ule mweusi ulionilea mimi. Kibuyu cha maziwa kikatundikwa ukutani mdomo chini, na mama mkubwa, ambaye hakuwahi kunywa kahawa asubuhi bila ya kwanza kunywa maziwa, akaanza kunywa kahawa peke yake na kusema inamtosha.

Haikumtosha. Alitaka kumpandisha mtamba wake, lakini kwa beberu gani? Mabeberu wa mjini siku zile walikuwa wafupi, wenye vifua vyembamba, na mama mkubwa alisema kuwa kumpa mtamba wake mmoja wao ni sawa na kutia maji katika maziwa kabla hayajakamuliwa. Alikuwa amekaa hivyo, anangoja, na mtamba naye anakua.

Ndipo serikali ikatangaza maonyesho. Palikuwa na Mzungu aliyewekwa kututawala, mtu mpole, mwembamba, aliyependa sana wanyama kuliko mashauri ya watu. Alikuwa ameagiza beberu kutoka ng'ambo, akaletwa kwa meli, mrefu kama punda mtoto, mwenye ndevu za heshima. Akatangaza kuwa nyumba itakayotoa mtamba bora wa maziwa itapewa beberu huyo awe wake kabisa.

Mji mzima ukacheka, kisha mji mzima ukaanza kuosha mbuzi. Wanawake wakayaita maonyesho yale arusi ya mbuzi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewahi kuona kiumbe asiye bibi arusi akitazamwa meno na nyonga mbele za watu.

Lakini palikuwa na kizuizi ambacho yule Mzungu hakukifikiria. Mbuzi wa maziwa wa mji wetu walikuwa wa wanawake, na wanawake wenyewe hawakuwa watu wa kutoka kwenda kusimama uwanjani. Mashauri yakapita huku na huku, mwisho mke wa liwali akatoa kiwanda cha nyumba yake. Wanawake na mbuzi watakuwa ndani, Mzungu na liwali watakaa nje kwenye daka, baraza la mlangoni, wanywe kahawa pamoja na beberu wao, na matokeo watapelekewa mlangoni. Ilipoulizwa ni nani atakayehukumu, jina langu likatajwa kwanza, kwa kuwa kila mtu alijua nilikofunzwa. Mama mkubwa mwenyewe hangeweza, maana alikuwa anashindana.

Hapo ndipo jirani wa mama mkubwa alipoinua mkono. Huyu alikuwa mwanamke wa sauti tamu, nyumba yake na ya mama mkubwa zikitengwa na ukuta mmoja tu, na alikuwa na mtamba mweupe mwenye masikio yaliyomfika magotini. Alishasema waziwazi kuwa beberu akiwa wake atampeleka Faza kwa kaka yake, mwenye mbuzi wengi. Akauliza sasa, kwa upole, itakuwaje mimi nihukumu mbuzi wa mama mkubwa ilhali ni dada yangu wa kunyonya?

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini walipomaliza kucheka neno likabaki. Wakampelekea kadhi swali hilo, nusu kwa mzaha. Inasemekana alijibu kuwa maziwa ya mnyama hayafungi undugu, la sivyo watu wa mji huu wasingebaki na mbuzi wa kuchinja. Sheria ikawa imeniachilia, ila wanawake hawakuniachilia. Wakakata shauri kuwa nitahukumu bila kuona.

Mke wa liwali akakumbuka shiraa. Kwa wasioijua, shiraa ilikuwa ni hema la kitambaa juu ya miti, ambalo mabibi wa zamani walitembea ndani yake njiani, vijakazi wakiibeba huku na huku. Tangu serikali ilipowapa uhuru wao, vijakazi hao walikwenda zao, na sijasikia hata mmoja aliyerudi kuomba kubeba miti. Shiraa ya nyumba ile ilikuwa sandukuni haina kazi. Mimi nitakaa ndani yake, wakasema, na mbuzi wataingizwa mmoja mmoja kwa chini ya kitambaa, bila mwenyewe. Kila mmoja atafungwa kamba yenye mafundo shingoni, wa kwanza fundo moja, wa pili mawili, na hivyo hivyo, nami nitahukumu mafundo, sio watu. Ushanga uvuliwe. Njuga zivuliwe. Hina isipakwe kwato, hata kama sitaiona, maana watu wa mji wetu wakishaanza kuwa waangalifu hawajui pa kuishia. Na tangu siku ile mpaka siku ya hukumu nisiingie nyumba yoyote yenye mtamba.

Mama mkubwa aliinuka kuondoka, akanipitia karibu.

"Usipite ndia ya kwangu mpaka siku hiyo," akaniambia. Mtamba wake sikuwa nimemshika tangu akiwa wa kunyonya, na sasa nisingemshika tena mpaka awe na mafundo shingoni.

Siku yenyewe kiwanda kilijaa. Mimi niliingia ndani ya shiraa nikiwa na mkeka na birika la maji, wakanishushia kitambaa pande zote, nikabaki katika mwanga wa kijivu ambao usingeweza kutofautisha mweupe na mweusi. Hata hivyo nilifumba macho, kwa mazoea. Mtumishi wa nyumba akamsukuma mbuzi wa kwanza ndani.

Nilimpitisha mkono mgongoni, nikajua mara moja kuwa ni wa nyumba ya mke wa liwali. Si kwa mgongo. Mbuzi alikuwa ananuka sandali na marashi ya waridi, fukizo la nyumba ile ile tuliyokuwa ndani yake.

Wa pili akaingia na harufu ya udi mkavu wa Kihindi, nikamjua mwenyewe kama aliyeniamkia. Wakaja wa tatu na wa nne, na kila mmoja ameniletea nyumba yake puani. Nikaelewa kilichotokea, nikaanza kucheka peke yangu humo ndani. Watu hawa waliondoa ushanga, njuga na hina, wakanifunika hema, wakanitenga na jamaa zangu. Kisha asubuhi kila mmoja akatia makaa katika chetezo akamfukiza mbuzi wake, kwa fukizo la nyumba yake ambalo hakuna nyumba nyingine inayolipika vile vile. Wala hawakuwa wamefanya hila. Kwetu sisi kufukiza si kujipamba, ni mwisho wa kuoga tu, na mbuzi alikuwa ameogeshwa.

"Nyinyi!" nikaita kutoka ndani. "Mumewafukiza hawa! Nawayua wote!"

Kicheko kikapasuka kiwanda kizima.

"Ziba pua basi!" mmoja akajibu.

"Nihukumu nimeachama kama samaki?"

Mke wa liwali akasema Mzungu yuko mlangoni na kahawa ya tatu, mbuzi hawawezi kuoshwa upya, na kwamba aliyefunzwa na yule aliyenifunza hana haja ya pua. Wote wakakubali. Nami nikakubali, kwa kuwa nilijiamini. Bado alikuwa hajaingia mbuzi wa kunitia shaka.

Wa tano ndiye aliyeingia na harufu ya utoto wangu. Udi wa mama mkubwa ulipikwa kwa sukari na ambari kidogo, na ndani yake alikuwa akitia maganda ya machungwa yaliyokaushwa juani, jambo ambalo wengine walilicheka na ambalo hakuna aliyeweza kuliiga. Mashuka yangu yote ya utotoni yalinuka vile. Nililala katika harufu ile, nikaugua ndani yake, nikaolewa nayo nguoni.

Nikamshika. Mgongo ulizama katikati. Tako liliporomoka kama paa la makuti, na miguu ya nyuma ilikaribiana hata vifundo vikagusana. Nikateremsha mkono kutafuta chuchu, nikaikuta ya tatu, ndogo, imejibandika ubavuni mwa nyingine. Nikarudi tena mgongoni. Nikarudi mara nyingine, kana kwamba mgongo wa mbuzi hunyooka ukiombwa.

Nilikaa pale na mkono juu ya mgongo wa mbuzi yule; masikio sikuyagusa, sijawahi kuyapima. Nikafikiri juu ya kibuyu kilichotundikwa mdomo chini. Nikafikiri juu ya kitambaa kilichochovywa maziwa. Nilijua pia kwamba, kuacha mama mkubwa mwenyewe, hakuna mtu kiwandani pale ambaye angeweza kunibishia, kwa kuwa wote walikuwa ni watu wa masikio. Ningesema wa mafundo matano ni wa kwanza, na beberu angelala usiku ule nyumbani kwa aliyenilea. Machozi yalinitoka, sikuyazuia, ndiyo faida ya kukaa ndani ya hema.

"Mtoe," nikamwambia mtumishi. "Huyu ni wa mwisho."

Wa sita sikumpenda wala sikumchukia. Wa saba aliingia hana harufu yoyote ila ya mbuzi na ya maji ya kisima. Nilimshika bila hamu, kama mtu anayemalizia kazi. Mgongo ukaenda moja kwa moja, mkono haukupata pa kusimama. Mbavu zilikuwa bapa, kidole kikapita. Ngozi ilivutika na kurudi. Kwa kitambo mkono wangu ulitaka kuniambia jambo, kwamba mgongo huu si mgeni kwangu, lakini pua ilikuwa imeshasema mbuzi wa mama mkubwa amepita na amekwisha, nikamnyamazisha mkono. Yeye naye akanikanyaga mguu kwa makusudi, akageuza kichwa pembeni kama aliyechoshwa na mimi.

"Huyu wa mafundo saba," nikasema, "ni wa kwanza. Wala hana wa pili wake."

Wa nane nilimshika kwa adabu tu, ili mwenyewe asije akanung'unika. Kisha nikataja mpango wote, kutoka wa mbele mpaka wa nyuma, na mtumishi akasimama nje kuita wenyewe. Nilifuta uso kwa ncha ya leso na kukaa ndani nisitoke, maana sikutaka kumwona mama mkubwa akiitwa wa mwisho. Nilijiambia nitatoka watu wakishaondoka.

"Mafundo saba!" mtumishi akaita. "Mtamba mweusi. Ni wa nani?"

Na sauti niliyoijua kuliko yangu mwenyewe ikajibu, haina haraka, "Ni wangu."

Nilitoka ndani ya shiraa nikiwa karibu niiangushe. Mama mkubwa alikuwa amesimama katikati ya kiwanda, amevaa kanga safi isiyo na fukizo, ameshika kamba ya mtamba mweusi, mrefu, asiyependa mtu. Alipoitwa wa mafundo matano, jirani yake wa sauti tamu aliinuka na yule mweupe wa masikio marefu, akasema kwa upole kuwa labda mbuzi wake alichoka, akaenda zake. Nje kwenye daka nikamsikia liwali akicheka, na beberu akipiga kelele kwa kuamshwa.

Tulimpeleka mtamba nyumbani sisi wawili, tumejitanda buibui, na kijana wa liwali mbele akimvuta beberu ambaye alitaka kusimama kila mlango kama mgeni anayekagua mji. Nyumbani mama mkubwa akamfunga beberu kwenye nguzo ya kiwanda, akamwekea majani, ndipo akakaa juu ya ngazi ya chini na kuvua viatu.

"Yana alikuya kwangu," akasema, na kwa kichwa akaelekeza ukuta wa jirani. "Akaniomba udi. Akasema amfukize mbuzi wake apate kunukia vizuri."

"Ukampa?"

"Nikamyaza mkono udi."

Nilimtazama. "Na ulijua autakia nini?"

"Mtu ana udi wake nyumbani. Hazunguki ukuta kuomba wa mwenziwe amfukizie mbuzi, ila ana lake. Nikayua ataka umnuse udhani ni mimi. Wangu nikamuosha kwa maji tu."

Sijui kama nimewahi kumkasirikia mama mkubwa kabla ya siku ile, lakini siku ile nilimkasirikia sana. Nilimwambia amenitia katika mtihani mbele ya mji mzima bila hata kunidokeza. Nilimuuliza kama alijua kwamba lau ningempendelea, beberu huyu saa hizi angekuwa katika mashua anakwenda Faza, na yeye angebaki na mtamba wake na kahawa yake kavu. Sauti yangu ilipanda hata mtamba akaacha kutafuna.

"Nayua," akasema.

"Basi kwa nini?"

Alikuwa anautazama mguu wangu, pale mtamba aliponikanyaga.

"Ulipomnusa yule," akasema, "ulidhani kweli ni mbuzi wangu?"

"Nilikuwa na hakika ni wako."

"Na ukaniweka mwisho."

"Nikakuweka mwisho. Nililia, lakini nikakuweka mwisho."

Mama mkubwa akainuka taratibu, mkono mmoja ukutani, akakitungua kibuyu cha maziwa kilichokuwa kimetundikwa mdomo chini, akakipuliza vumbi na kunipa mimi.

"Kakioshe," akasema. "Sikulea bure."